Bwana Miti wa Mezani

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Maneromango, alikwenda Marekani kusomea uuguzi. Shahada aliipata, kisha akaingia jeshi la huko, kama wafanyavyo vijana wengi wahamiaji wanaotafuta uraia na mshahara wa uhakika. Alitoka jeshini na mgongo ulioharibika. Miezi michache iliyopita alinipigia simu saa nne ya asubuhi. Kwake ilikuwa usiku wa manane na maumivu yalikuwa yamemnyima usingizi. Baada ya shikamoo na habari za mashamba akanieleza lililomkwaza.

Wenzetu wanayo sheria, maarufu kwa jina la Sura ya 31, ambayo mizizi yake inarudi hadi 1918, askari wa vita ya kwanza ya dunia walipokuwa wakirudi makwao bila mikono na bila macho. Kwa sheria hiyo, askari wa zamani mwenye ulemavu alioupata kazini, ukapimwa kufikia asilimia 20, na ukawa unamzuia kupata au kudumu katika kazi inayomfaa, anaweza kulipiwa masomo au mafunzo ya ufundi, kwa kawaida hadi miezi 48. Shahada ya awali haimfungii mtu mlango. Kinachopimwa ni kama kazi aliyosomea anaweza kuifanya bila kuumia zaidi. Muuguzi asiyeweza kumwinua mgonjwa kitandani, kwa akili ya kawaida, jibu lake linajulikana. Hata hivyo, mshauri aliyepewa jalada lake alianza kwa kumuuliza: wewe una shahada tayari, unatafuta nini tena?

"Mjomba," akaniambia, "nimjibu nini mtu huyu?"

Nilicheka, naye akadhani namcheka yeye. Swali hilo niliwahi kuulizwa mimi, hapa Kibaha, zaidi ya miaka arobaini iliyopita, na afisa aliyevaa kaunda suti ya rangi ya kijivu.

Nilisomea misitu Morogoro, wakati kitivo cha kilimo na misitu kikiwa bado chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tulikuwa katika makundi ya mwanzo kabisa. Nilimaliza 1977, nikapangiwa Kisarawe, wilaya ya kwetu, jambo ambalo lilimfurahisha mama na kunitia mimi hofu, maana wachoma mkaa wengi walikuwa ama ndugu zangu ama majirani wa ndugu zangu. Kazi yangu ilikuwa misitu miwili iliyohifadhiwa tangu 1954, Pugu na Kazimzumbwi, hekta kama 7,000 kwa pamoja. Wananchi waliniita Bwana Miti, kama walivyomwita mwenzangu Bwana Shamba.

Watu hudhani mwenye digrii hukaa ofisini. Digrii yangu ilikuwa ya miguu. Asubuhi unatoka Kisarawe mjini ukungu haujainuka vilimani, umebeba panga, utepe wa kupimia, dira na daftari lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Unafuata mpaka wa hifadhi, unahesabu mawe ya mipaka, unapima kipenyo cha mkongo na mninga kwenye usawa wa kifua, unashuka bonde na kupanda jingine. Mgude unauona kwa mbali kwa shina lake jeupe lililonyooka, lakini kuufikia ni saa nzima ya kukata mitambaazi. Ukisikia shoka, unalifuata. Profesa aliyetufundisha kupima ujazo wa mti hakuwahi kusema kwamba hesabu ile inahitaji magoti mawili yaliyo mazima. Hapakuwa na haja ya kusema.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka na kuikalia Kagera, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa vita. Jeshi lilipanuliwa haraka kwa mgambo, askari polisi, magereza na sisi tuliopitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Nilikwenda. Ya huko wameyaeleza wengi, wengine vizuri kuliko nitakavyoweza. La kwangu ni fupi: mwanzoni mwa 1979, kwenye njia ya kuelekea Masaka, nilikanyaga bomu lililotegwa ardhini na kupoteza mguu wa kulia chini ya goti. Kampala ilipoanguka Aprili 11 mimi nilisikia redioni nikiwa kitandani, wodi nzima ikipiga makofi, na jirani yangu aliyekatwa mkono akipiga kofi kwenye paja.

Niliporudi Kisarawe nilipokelewa kwa heshima ambayo sikuitarajia. Cheo changu kilibaki, mshahara ulibaki. Nikapewa meza, kiti chenye mto, na kitabu cha leseni za mkaa. Kila siku watu walipanga foleni, nami nikaandika: jina, idadi ya magunia, kiasi kilicholipwa, muhuri. Karani wa darasa la saba aliyekuwa akiifanya kazi hiyo kabla yangu alihamishwa, na nilimsikitikia kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu.

Kila aliyepita aliniambia nimebahatika, na mtu ukiambiwa hivyo mara nyingi unaona haya kulalamika. Lakini hapo ndipo nilipoanza kuelewa kitu ambacho sera nyingi hadi leo zinakikwepa. Mtu anaweza kuwa na ajira akawa hana kazi. Kwenye karatasi nilikuwa Bwana Miti mwenye digrii, mwenye mshahara, mwenye meza. Takwimu yoyote ingenihesabu kama mlemavu aliyerejeshwa kazini kwa mafanikio. Wakati huo msitu ulikuwa unakatwa na mimi ndiye niliyekuwa nagonga mihuri ya magunia.

Mwaka 1981 ulikuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu, ndivyo tulivyoitwa wakati ule, na mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria ya kuwataka waajiri wenye watu 50 na zaidi watenge asilimia 2 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Huko Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, ndiyo kwanza kilifunguliwa chuo cha kufundisha mafundi wa viungo bandia, TATCOT. Kabla ya hapo mguu wangu wa kwanza ulikuwa wa mbao na mikanda ya ngozi, mzito, na wakati wa masika ngozi ilivimba ikanuka. Palikuwa na matumaini, nayo yalikuwa ya kweli ingawa nchi ilikuwa imekauka. Mwalimu alituomba miezi 18 ya kufunga mkanda, na miezi hiyo kila mtu anajua iliishia wapi.

Katika hali hiyo tuliitwa Kibaha, wapiganaji wa zamani tulioumia, kusailiwa kuhusu mafunzo ya ufundi. Tulikaa kwenye mabenchi chini ya mwembe. Ndani, mezani, palikuwa na orodha iliyopigwa chapa: ushonaji nguo, useremala, ushonaji viatu, ufumaji, bustani ya mboga. Vijana wengi waliokuwa mbele yangu walitoka mgambo na elimu ya msingi, baadhi hawakuifikisha hata hiyo, na kwao orodha ile ilikuwa mlango halisi. Mmoja aliyechagua useremala aliishia kuwa na karakana yake mwenyewe Mlandizi, na meza ninayoandikia ni ya mkono wake.

Zamu yangu ilipofika, yule afisa wa kaunda suti alisoma fomu, akaivua miwani.

"Ndugu, wewe unayo digrii."

Nikasema ndiyo.

"Na kazi unayo."

Nikasema mshahara ninao.

"Sasa unatafuta nini tena? Hizi nafasi ni za wenzako wasio na kitu."

Hakusema kwa ubaya. Mtu mwenye nafasi chache na foleni ndefu chini ya mwembe hawezi kusema vinginevyo, na kama mimi ningekuwa ndiye mwenye kalamu, huenda ningelisema lilelile. Nilitaka kumweleza kwamba sikuja kugombania cherehani. Nilitaka mafunzo ya miezi michache yatakayoniwezesha kuifanya kazi ambayo taifa lilikwisha kunilipia miaka mitatu ya kuisomea, maana chuo kikuu wakati huo kilikuwa bure kwa sisi tuliochaguliwa. Kwenye orodha yake hapakuwa na mstari wa kuandika ombi kama hilo. Nilitoka nje.

Aliyeingia baada yangu alikuwa mwalimu wa hisabati. Jina lake nalihifadhi. Watoto wake wapo. Mzinga ulilipuka karibu naye Uganda na masikio yote mawili yakafa. Alikuwa na stashahada ya ualimu na alikuwa amefundisha sekondari. Kwa kuwa kiziwi hawezi kusimamia darasa la wanafunzi arobaini wanaosikia, na kwa kuwa hakuwa na ajira ya kurudia, afisa alimhurumia: akampa ushonaji viatu.

Miaka iliyofuata alikuwa na kibanda chake Maili Moja, karibu na barabara kuu ya Morogoro. Nilipoletewa uhamisho kwenda ofisi ya mkoa nilikuwa nikipita kwake, naye akinirekebishia mkanda wa mguu wa bandia bila kunitoza. Wanafunzi wa Sekondari ya Kibaha, shule ya vipaji iliyozaliwa na mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963, walikuwa wanamletea viatu. Siku moja nilimkuta kijana mmoja ameketi kwenye kigoda akiwa amevaa kiatu kimoja. Kingine kilikuwa juu ya paja la fundi, sindano imeachwa nusu kwenye soli. Fundi alikuwa amelikamata boksi la katoni analokatia soli za ndani za viatu, na kwa penseli nene ya seremala alikuwa anamwonyesha yule kijana jinsi ya kutafuta majibu ya mlinganyo wa kipeo cha pili. Alikuwa anaongea kwa sauti ya juu mno, kama viziwi wengi wasiojisikia, hata wauza machungwa wa ng'ambo ya barabara walizijua "eksi" na "wai" zake. Kijana hakuwa na haja ya kusema neno. Alikosea kwenye karatasi, mwalimu akalisahihisha kosa kwenye karatasi.

Nimelifikiria boksi lile kuliko hotuba zozote nilizowahi kusikia kuhusu ulemavu. Baraza la Mitihani lilikuwepo tangu 1973, na mitihani husahihishwa kimyakimya. Vitabu vya hisabati viliandikwa na kuhaririwa na watu waliokaa mezani. Maghala, benki, vyama vya ushirika, vyote vilikuwa vinalilia watu wa hesabu. Kila moja ya kazi hizo ingemhitaji ajifunze kidogo: utunzaji wa vitabu vya fedha, uhariri, lugha ya alama. Badala yake miaka yake ya chuo ilifutwa kwa kalamu moja, akaanzishwa upya kama mtu ambaye hajawahi kuingia darasani. Mimi nilikataliwa kwa sababu nina digrii, yeye akasaidiwa kana kwamba hana elimu. Kosa ni lilelile: aliyetusaili alihesabu vyeti na kuhesabu viungo, hakuuliza vyeti na viungo vilivyobaki vinakutana wapi.

Mimi niliokolewa na bahati, na sipendi kuiita kwa jina jingine. Mkuu mmoja wa kazi, mgeni mkoani, alikuja kukagua vitabu vya leseni, akashangaa kumkuta mhitimu wa misitu akiviandika. Alikuwa anatafuta mtu wa kupeleka kwenye kozi fupi ya kusoma picha za anga Dar es Salaam. Watu wengine waliikataa kwa sababu haikuwa na posho ya maana. Akaniuliza kama ninaona vizuri. Nikamwambia macho hayakwenda Uganda.

Darasani tulipewa stereoskopu ya mfukoni, kidude chenye lenzi mbili na miguu minne ya waya inayokunjwa. Unalaza mezani picha mbili za sehemu ileile zilizopigwa kutoka ndegeni kwa kupishana kidogo, unainama, unazisogeza kwa ncha za vidole taratibu mpaka zishikane. Mwanzo unaona ukungu wa kijivu tu. Halafu ghafla ardhi inainuka. Milima ya Pugu ilisimama mbele ya pua yangu, mabonde yakazama, vichwa vya miti vikatokeza kimoja kimoja kama mawe ya changarawe. Niliiona njia niliyokuwa naipita asubuhi, nikaliona bonde la kile kijito. Nilivuka Kazimzumbwi yote kabla ya chakula cha mchana. Mwalimu wa kozi alinigusa bega akaniambia wenzangu wamekwisha kwenda kula.

Nilirudishwa Kisarawe na kazi mpya. Tuliweka picha za zamani na za baadaye pamoja, na msitu ukatoa siri zake: pale ambapo miavuli ya miti ilikuwa imefungana sasa palikuwa na mabaka meupe, na kila baka lilikuwa na vijia vyembamba vinavyoelekea barabarani. Hayo ndiyo matanuri ya mkaa. Sauti ya shoka humpeleka Bwana Miti kwenye mti mmoja. Picha ilinipa mtandao mzima. Walinzi wa misitu, wazee waliokuwa wananijua tangu nina miguu miwili, mwanzoni walinicheka. Nikamwambia mmoja wao: nenda mpaka jiwe la mpaka la karibu na mto, pinda kushoto, utakuta matanuri mawili nyuma ya kichuguu kikubwa. Alirudi jioni na magunia yaliyokamatwa, akaniuliza nani kanipa habari. Hakuamini kwamba sikuwa na mchongezi kijijini.

Kozi ile ilikuwa ya wiki kadhaa. Bila miaka mitatu ya Morogoro isingenisaidia kitu, kwa kuwa picha haimwambii mtu huu ni mgude na ule ni mkorosho. Hilo nilikuwa nalo kichwani tayari. Ndiyo maana siamini hoja kwamba mwenye digrii aachwe nyuma ya foleni kwa kuwa "ana pa kuanzia". Mwenye pa kuanzia ndiye wa gharama ndogo kuliko wote. Hoja ya yule afisa ina uzito pale tu ambapo tunadhani mwenye digrii anaomba digrii ya pili. Wapo wanaoiomba, na baadhi wanaihitaji kweli: daktari wa upasuaji aliyepoteza vidole huenda akalazimika kurudi chuoni kwa miaka. Lakini wengi tunahitaji daraja fupi, na daraja fupi halimnyang'anyi cherehani mtu yeyote.

Sheria zimebadilika sana tangu enzi za mwembe. Ile ya 1982 imepisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, inayomtaka mwajiri mwenye watu 20 na zaidi awe na asilimia 3. Halmashauri, Kibaha na Kisarawe zikiwamo, hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na katika hiyo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Jambo jema, ila mkopo wa bajaji haumfundishi mhandisi kazi ya mhandisi. Kwa wanaoumia kazini tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya 2008 na kuanza kazi 2015, ambao mwajiri huuchangia asilimia 0.5 ya mishahara. Miongoni mwa mafao yake imo huduma ya utengamao, na ndani yake yamo mafunzo ya kumrejesha mtu kazini. Ukilinganisha na enzi ya kaunda suti, hii ni nchi nyingine. Huniambii kitu kuhusu mambo kuharibika siku hizi.

Kinachonitia shaka ni mazoea ya watu wenye kalamu. Mwaka jana alinijia nyumbani kijana mmoja, mhandisi mitambo, aliyebanwa mkono na mashine katika kiwanda kimoja upande wa huku kwetu. Viwanda vimejaa Kibaha sasa, na mahali panapoota viwanda huota pia mikono iliyokatika. Fidia yake ilikuwa imelipwa bila mizengwe. Lakini alipoulizia mafunzo, kiwandani walimwambia yeye ni msomi, atajipanga tu. Aliketi pale kwenye kochi, mkono wa shati umefungwa fundo, akiongea kwa adabu huku ananiita babu.

Nilimpa karatasi nikamwambia aandike siku yake ya kazi tangu anaingia getini hadi anatoka, saa kwa saa, halafu aweke alama kwa kila jambo: hili lilitaka mikono miwili, hili lilitaka mmoja, hili lilitaka macho na kichwa. Alidhani ni mchezo wa wazee. Alipomaliza, kazi za mikono miwili zilikuwa chache kuliko alivyofikiri, karibu zote kufungua na kufunga mashine, ambazo hata hivyo mafundi mchundo ndio wanaozimudu zaidi. Zilizobaki, kusoma michoro, kupanga ratiba za matengenezo, kukagua ubora, zilikuwa palepale. Alichokosa ni kuchora kwa kompyuta kwa mkono mmoja, mkono ambao haukuwa wake wa kuandikia. Hiyo ndiyo iliyokuwa orodha yake ya mafunzo, mistari miwili.

Nakala ya karatasi hiyo niliipiga picha nikamtumia mpwa wangu, naye akaandika ya kwake ya wodini na kuipeleka kwenye kikao chake. Huyu wa Kibaha aliambatanisha ya kwake na barua ya maombi, akapelekwa kozi ya kuchora kwa kompyuta, na sasa yuko kitengo cha ukaguzi wa ubora. Cheo wamempa, mshahara wanataka kumshusha ngazi kwa madai kwamba kazi ya mezani ni nyepesi. Wiki iliyopita alikuja tena, safari hii na mkataba wake wa zamani mkononi, tukakaa kuusoma kifungu kwa kifungu.